Nani Anamsimamia Huyu?

Mexico City, 11 Juni 1984

Dada Eloína,

Barua hii isome ukiwa umekaa, tena mbali na tanuri, maana ukiungua utanisingizia mimi. Nakuja nyumbani. Sipiti tu, nakaa mwezi mzima wa Novemba, na kamera, na mafundi, na Anselmo.

Nimeandika filamu nyingine. Kazi yangu unaijua ilivyokwenda. Katika filamu zangu nne yumo mwanaume anayependa wanaume wenzake, na zote nne nimemwua. Wa kwanza alizama, wa pili alipigwa risasi na shemeji yake, wa tatu alijinyonga, wa nne alianguka ghorofani bila sababu ya maana. Magazeti yakanisifu kwamba nina uchungu. Ofisi ya vibali ikagonga muhuri bila kupepesa macho. Nina miaka arobaini na moja, dada, na nimechoka kuwa mchimba kaburi wa watu wangu. Wa tano hafi.

Ni hadithi ya wachezaji wawili wa ngoma ya Xantolo, mmoja anacheza mume na mwenzake anacheza mke, kama wanaume wa Tamoxtla wanavyofanya kila mwaka wafu wanapokuja. Tofauti ni kwamba hawa wawili wanapendana kweli, hata muziki ukinyamaza. Filamu inaishia uwanjani, siku ya kuvuliwa vinyago. Kwa ajili ya watu wa mjini nimelazimika kuandika kila kitu kwenye mswada, sheria ambazo mimi na wewe tulinyonya na maziwa: mwenye kinyago haitwi kwa jina lake. Hajivui mwenyewe. Kapteni huuliza mara tatu, "Nani anamsimamia huyu?" na msimamizi wake hutoka kati ya watu, akamvua. Na maadamu amebaki hata mmoja hajavuliwa, fidla hainyamazi, kwa sababu wafu hawawezi kuondoka.

Nahitaji uwanja wetu na kundi la Baba. Muulize. Mwambie pia kwamba kinyago nilichoondoka nacho nikiwa na miaka kumi na saba bado ninacho. Kinaning'inia juu ya kitanda chetu, na Anselmo anadai kinakoroma. Nataka nije nivuliwe.

Mdogo wako,
Leobardo

*

Tamoxtla, 2 Julai 1984

Leo, wewe mtoto,

Nilisoma nikiwa nimesimama, na tanuri linawaka, na zakahuil ya Jumapili imeungua upande mmoja. Wateja wamekula hivyo hivyo. Tamale ya unga wa mahindi yenye urefu wa mtu haitupwi kwa sababu ya ndugu mkaidi.

Baba nilimsomea jioni. Alikuwa ananoa panga, akaendelea kunoa. Nikamaliza, naye akasema: "Huyo aliondoka na kinyago usoni. Hajavuliwa. Kwangu mimi bado ni mwaka ule ule." Nikamwambia, Baba, mwaka ule ni wewe uliyemwita kwa jina uwanjani, amevaa kinyago, mbele ya kila mtu, kisa umesikia kwamba amembusu mtoto wa kiume wa mwenye kinu nyuma ya kanisa. Nani alivunja mwiko kwanza? Panga likasimama kidogo. Halafu likaendelea.

Kuhusu kundi, anasema uwanja ni wa mji, si wake, na anayetaka kucheza acheze. Hilo kwa Baba ni ndiyo. Nikamchokoza: "Na wewe je, utamsimamia?" Akanitazama kana kwamba nimetia sukari kwenye maharage. "Kapteni hasimamii mtu maadamu yupo mwingine wa kusimama. Umekulia nyumba hii na hata hilo hulijui?" Kwa hiyo tafuta msimamizi kwingine. Usiniulize mimi hadharani, nitakuambia ukifika.

Huyo Anselmo anakula pilipili? Majirani nimewaambia ni mwenzako wa kazi. Usinikasirikie. Chumba ni kimoja, vitanda nitaweka viwili, mtavisogeza wenyewe.

Dada yako,
Eloína

*

Mexico City, 20 Agosti 1984

Bw. Leobardo Azuara,

Salaam. Mswada wako nimeusoma kwa kikao kimoja, na mke wangu aliyenisikia nikipenga kamasi alidhani nimeshikwa na mafua. Una kipaji, bwana, na fedha zangu ziko tayari.

Tatizo ni mwisho. Wanaume wawili wanavuliwa vinyago mbele ya mji mzima, halafu wanafanya nini? Wanakwenda kula! Mtazamaji atauliza adhabu iko wapi. Ofisi ya vibali nayo itauliza, tena kwa ukali zaidi. Naambiwa kwenu kuna mto mzuri. Yule anayecheza mke akutwe majini asubuhi, mwenzake apige magoti alie, fidla, mwisho. Umefanya hivyo mara nne na hakuna nimjuaye anayekuzidi.

Jambo la pili. Nyota wetu Gildardo Monfort hatavaa sketi mbele ya halaiki ya watu halisi. Atavaa studio tu. Mwezi Januari atakuja kupiga tukio la kifo, na ya uwanjani utatafuta mtu mwingine wa kumvika kinyago. Uso hauonekani, nani atajua?

Wako katika sanaa,
Evaristo Lankenau, mtayarishaji

*

Mexico City, 24 Agosti 1984

Bw. Lankenau,

Nimekuelewa. Mto naujua, nimelelewa kando yake. Gildardo asijisumbue kusafiri. Ninaye mtu wa kimo chake, anaijua ngoma, na kinyago anacho tayari. Nakuahidi mwisho ambao utakuzimia sigara mdomoni.

L. Azuara

*

Tamoxtla, 19 Oktoba 1984

Leo,

Nakuandikia kwa hasira, kwa hiyo samehe mwandiko.

Baba anapita nyumba kwa nyumba. Nilidhani anakusanya michango ya maua ya tao la wafu. Kumbe anakaa, anapewa kahawa, anaimaliza, halafu anasema: "Leobardo anakuja kucheza. Siku ya kuvua nikiuliza nani anamsimamia, wewe ukae." Kisha anavaa kofia anakwenda nyumba ya pili. Amefika kwa mwenye kinu, amefika kwa mwalimu, amefika hata kwa Hermila, comadre wangu wa ubatizo, ambaye amekuwa akijiandaa tangu Agosti na ameshonesha gauni. Hermila amelia. Anasema angekusimamia hata padri angemnyima komunyo.

Nikamkabili uani. Nikasema mimi nitasimama, mimi ni damu yake. Akasema: "Wewe pia utakaa." Leo, hajawahi kusema nami kwa sauti ile. Haikuwa kubwa. Nina miaka hamsini, tanuri langu liko katika ua wake, na nimejikuta naitikia kwa kichwa kama msichana.

Vijana sokoni wamepata la kusema. Jana mmoja ameniuliza: "Mama Eloína, huyo shoga wenu atacheza mpaka lini? Mpaka Krismasi?" Nikamwambia mpaka wewe upate mke, kwa hiyo tuna muda. Lakini nilirudi nyumbani nikalia ndani ya unga.

Usije. Au njoo na kamera tu, uwapige picha wengine, wewe kaa nyuma yake. Nakuomba.

Eloína

*

Mexico City, 25 Oktoba 1984

Dada yangu,

Nakuja, na nyuma ya kamera atakaa Anselmo.

Mzee anadhani amenifungia mlango, kumbe amejifungia yeye. Sheria si inasema fidla hainyamazi mpaka wa mwisho avuliwe? Basi nitakuwa wa mwisho. Wote wakae. Nitacheza uwanjani mpaka nyuzi za fidla zioze, na wafu wa Tamoxtla wote watabaki wamekwama mjini kwa ajili yangu, bibi zetu, babu zetu, na yule mjomba aliyedaiwa na kila mtu. Mji uchague: unipokee au ukeshe. Miaka yote nimeishi katika mji mkubwa ambao unanitaka nife vizuri mbele ya kamera, na mji mdogo ambao unanitaka nisitokee kabisa. Nimekataa yote mawili. Maji nimeyavulia nguo, sharti niyaoge.

Wewe usisimame. Nasema kweli, sitaki ukose tanuri kwa ajili yangu. Kaa mbele tu nikuone. Tandika kitanda kimoja, dada, kile kikubwa. Majirani waambie ukweli au usiwaambie chochote.

Na ndiyo, anakula pilipili. Anazila kama karanga.

Leobardo

*

Mexico City, 17 Desemba 1984

Bw. Azuara,

Nimetazama mikanda yote ya Tamoxtla. Ngoma nzuri, rangi nzuri, mpigapicha wako ni fundi. Kisha nikafika mwisho.

Ni nini kile? Wachezaji wanavuliwa mmoja mmoja, wanakumbatiwa, wanapewa vinywaji. Anabaki mwenye sketi peke yake. Sauti ya mzee inauliza jambo. Hajibu mtu. Mwenye sketi anacheza. Mzee anauliza tena. Anacheza. Mji mzima umekaa kama uko kwenye kiti cha daktari wa meno. Mzee anauliza mara ya tatu, na ghafla picha inakuwa nyeupe. Nyeupe tupu, bwana! Nini kilitokea? Nani yule chini ya kinyago? Gildardo anasema si yeye, na anamshukuru Mungu.

Tarehe kumi Januari nitakusubiri mtoni. Usipokuja, atakuja mwongozaji mwingine, kijana msikivu ambaye hana makuu. Kinyago kilete studio mapema, fundi wa taa anataka kukiona.

E. Lankenau

*

Mexico City, 22 Desemba 1984

Bw. Lankenau,

Chini ya kinyago nilikuwa mimi.

Mzee unayemsikia ni kapteni wa kundi, na kapteni ni baba yangu. Alikuwa amewapitia watu wote akiwaambia wasinisimamie. Nilijua kabla sijafika. Nikaenda, nikavaa sketi ya marehemu mama yangu, nikacheza. Mara ya kwanza alipouliza, walicheka, na hilo umelisikia kwenye sauti. Mara ya pili hakucheka mtu. Wapiga muziki walikuwa wanapokezana fidla kwa sababu vidole vilikuwa vimeanza kutoka damu, na hakuna aliyethubutu kusema yatosha. Hawa ni watu ambao kwa miaka mingi wamesema sipo. Siku ile walishindwa kuondoka uwanjani kwa sababu nipo. Sijawahi kuongoza kundi kubwa namna ile, wala lililotulia vile.

Picha ikawa nyeupe kwa sababu mkanda uliisha. Anselmo alikuwa ametia mkebe wa mwisho. Alilia nyuma ya kamera, lakini hakutikisa mkono, na wewe mwenyewe umesema ni fundi. Ni mwenzangu pia, nyumbani, miaka tisa sasa, iwapo kuna mtu ofisini kwako alikuwa bado anabahatisha.

Kilichotokea baada ya mkanda kuisha si mali yako. Hukukilipia.

Mtoni siji. Filamu imekwisha, na inaishia na mtu amesimama. Mlete kijana wako msikivu. Atakuta kila tukio la filamu limepigwa kwa kinyago kimoja cha mti wa pemuche, chenye ufa shavu la kushoto, na mtazamaji atakuwa ameuzoea ufa ule kuliko uso wa mamaye. Ukichonga kingine, hata kipofu atakushtukia. Hicho cha kweli kiko ndani ya sanduku la baba yangu. Nenda ukamwombe. Nakutakia safari njema.

Leobardo Azuara

*

Tamoxtla, 8 Februari 1985

Leo,

Amekuja mtu wa Bwana Lankenau! Viatu vyake vimechongoka mbele kama vya kutobolea matunda, na amekanyaga mavi ya punda kabla hajatusalimia. Nimempa kiti. Baba akatoka na kofia yake.

Yule bwana akaanza kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa: sijui mila zenu tukufu, sijui hazina ya taifa, tunakihitaji kinyago siku mbili tu, Mzee.

Baba akasema, "Kinyago kilichovuliwa kinalala mpaka wafu warudi."

"Na hao watarudi lini?"

"Mwisho wa Oktoba."

"Mzee wangu, filamu lazima iwe sinemani kabla ya mvua!"

"Basi waambie wawahi. Mimi siwaamrishi." Halafu akaongeza: "Lakini hawajawahi kuchelewa."

Bwana akatoa bahasha. Baba aliitazama kama samaki wa juzi. Bwana akauliza kama labda mwenye nyumba ana mtu mwingine mwenye mamlaka ya kuamua, na hapo nikamkatia kipande cha zakahuil nikamwonyesha basi linasimama wapi. Amekula chote. Amesema ni kitamu. Si mtu mbaya, ametumwa tu.

Baada ya hapo nikamwambia Baba, umemtetea mwanao. Akasema: "Nimetetea kinyago." Na akaingia ndani. Basi usijipe moyo sana, mdogo wangu, mimi mwenyewe nimeshindwa kumsoma.

Eloína

*

Mexico City, 30 Aprili 1985

Dada,

Tumeshinda. Lankenau amepiga hesabu, kuwangojea wafu mpaka Oktoba ni ghali kuliko kunivumilia mimi, na anaitoa filamu kama ilivyo. Ofisi ya vibali imegonga muhuri. Mtu wao mmoja aliuliza, "Mwishoni huyu amekufa au hajafa?" Lankenau akajibu kwamba mkanda uliisha, na yule akaandika "haijulikani" na kupitisha. Kumbe ndivyo tunavyoruhusiwa kuishi!

Gazeti limenihoji. Mwandishi akaniuliza kwa adabu kama mwongozaji ana mke. Nikasema nina mpigapicha. Akaandika hivyo hivyo, na leo bawabu wetu ametupa mkono sote wawili, mimi na Anselmo. Jirani wa ghorofa ya pili ameacha kutusalimia. Na apumzike.

Itaonyeshwa Ciudad Valles kuanzia Juni, basi la asubuhi linakufikisha. Naambatisha tiketi mbili. Najua ya pili utambembeleza nayo bure. Dada, nisikilize, sijidanganyi. Baada ya kamera kufa, Baba aliweka chini fimbo yake ya ukapteni, akatembea mpaka kwangu, akanivua, akaenda zake na kinyago bila neno. Alitaka wafu waende na wazima wakalale, mila ilimbana. Uso wangu nimeupata, kwa hilo namshukuru, na sitamwomba kingine. Lakini aje aone. Alitaka nikose mtu wa kunisimamia, basi aone kwamba nilisimama.

Leobardo

*

Tamoxtla, 17 Juni 1985

Leo wangu,

Tumekwenda. Baba ndiye aliyetangulia kituoni, amenyoa, amevaa shati la maziko. Ndani ya sinema hakuvua kofia mpaka kijana wa nyuma alipomwomba.

Ulipotokea na sketi ya Mama, Baba alishika mkono wa kiti. Ikafika ile sauti yake yenyewe, "Nani anamsimamia huyu?" mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na pazia likawa jeupe, na taa zikawaka. Halafu jeuri mmoja kule nyuma akapiga kelele, "Hakuna!" Na wenzake wakaangua kicheko.

Leo, Baba akasimama. Unajua magoti yake, ilimchukua muda, na watu wakanyamaza kumngoja. Akageuka nyuma. Akasema: "Mimi. Mimi ndiye niliyemsimamia. Yule ni mwanangu, anaitwa Leobardo Azuara, na anapenda wanaume, na anacheza vizuri kuliko nyie nyote. Nani mwingine anacheka?" Hakucheka mtu. Mama mmoja akaanza kupiga makofi, na mimi nilikuwa nalia kiasi kwamba sikuona waliomfuata.

Kwenye basi nikashindwa kuvumilia. Nikamwuliza, kama ni hivyo, kwa nini ulizunguka nyumba kwa nyumba kuwakataza watu? Mdogo wangu, alinishangaa kweli kweli. Alidhani tunajua! Akasema: "Sasa ningefanyaje? Hermila angetoka mbio na gauni lake. Wewe ungetoka. Mwalimu angetoka. Na mimi kapteni ningebaki nimeshika fimbo, natazama mtu mwingine anamvua mwanangu. Kapteni hasimami mpaka wote wakae. Kwa hiyo niliwakalisha wote."

Nikamwuliza mbona ulingoja mpaka mara ya tatu, ukamwacha acheze vile. Akasema sheria ni mara tatu, na yeye alishavunja sheria mara moja juu yako, hakutaka kuivunja tena. Kisha akatazama dirishani mpaka Tamoxtla.

Nilitaka kuweka saini hapa, lakini amenikalia mezani tangu nianze kuandika na sasa ameninyang'anya kalamu. Anasema mengine yote nimeshayasema mimi, na kwa mdomo mrefu, ila jina la chini lazima aandike mwenyewe.

Msimamizi wako,
Crisóforo Azuara